Kutoka Kuonyesha hadi Kubainisha: Mabadiliko ya Kionyeshi Kimoja katika Lugha na Lahaja za Kigermaniki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kionyeshi ambacho leo kinajitokeza kama that katika Kiingereza, das katika Kijerumani, dat katika Kiholanzi na det katika Kiswidi. Maumbo yote hayo yana asili moja, lakini yametofautiana kwa sauti, kwa upatanisho na kwa kazi. Makala yanadai kwamba tofauti nyingi kati ya hizo zinaeleweka vizuri zaidi zikiangaliwa kwa pamoja kupitia jambo moja, nalo ni mkazo. Kionyeshi kinachotamkwa bila mkazo huachana na njia ya kawaida ya mabadiliko ya sauti, hupungukiwa na uwezo wa kuonyesha umbali, na huishia kuwa artikeli, kirejeshi au kiunganishi. Baada ya hapo lugha hujitengenezea kionyeshi kipya. Sehemu ya mwisho inatumia matokeo hayo kupima dai la muda mrefu kwamba kionyeshi cha Kiswahili kinachotangulia nomino, kama katika "yule mzee", ni artikeli.

1.0 Utangulizi

Katika ufundishaji wa sarufi ya Kiswahili imezoeleka kuelezwa kwamba kionyeshi cha mbali kikitangulia nomino hukaribia kazi ya artikeli, yaani neno dogo linaloambatana na nomino kuarifu kwamba kinachotajwa tayari kinajulikana. Maelezo hayo yana msingi. Msimulizi anayesema "yule mzee akasimama" kwa kawaida hamwonyeshi mtu aliye mbali, bali anamrudisha msikilizaji kwa mzee aliyekwisha kutajwa. Hata hivyo, maelezo hayo yanaacha swali zito bila jibu: kionyeshi kikaribie artikeli kwa kiasi gani ndipo kihesabiwe kuwa artikeli? Mara nyingi jibu hutolewa kwa kutazama tafsiri. Kwa kuwa "yule mzee" hutafsiriwa kwa Kiingereza kwa the, basi yule huchukuliwa kuwa the. Hoja ya namna hiyo inapima Kiingereza, haipimi Kiswahili.

Lugha za Kigermaniki zinafaa kuchunguzwa kwa ajili ya swali hilo kwa sababu mbili. Kwanza, the yenyewe ilikuwa kionyeshi, na safari yake inaweza kufuatwa katika maandishi. Tafsiri ya Biblia ya Kigothi iliyofanywa na Wulfila katika karne ya 4 inaonyesha hatua ya awali, na maandishi ya Kiingereza, Kijerumani na lugha za Skandinavia yanaonyesha hatua zilizofuata. Pili, lugha na lahaja hizo hazikufika mahali pamoja. Kila hatua ya safari ina mfano hai mahali fulani.

2.0 Asili ya kionyeshi

Kigermaniki-mame, lugha iliyojengwa upya na wanaisimu historia, ilikuwa na kionyeshi chenye jinsi tatu: *sa ya kiume, *sō ya kike na *þat ya kati. Kinyota kinaashiria umbo lisiloshuhudiwa katika maandishi. Herufi þ inawakilisha sauti ambayo katika Kiswahili huandikwa th, kama katika "thamani". Kigothi kina sa, sō, þata. Kiingereza cha Kale kina se, sēo, þæt. Kinorsi cha Kale kina sá, sú, þat. Kijerumani cha Juu cha Kale kilikwisha kusawazisha mwanzo wa maumbo yote matatu: der, diu, daz.

Nyuma ya *þat kuna umbo la Kiindo-Ulaya *tod, ambalo ndugu zake ni tad ya Kisanskriti na to ya Kigiriki. Tofauti kati ya *tod na *þat inaelezwa na kanuni iliyofafanuliwa na Jacob Grimm mwaka 1822: t ya Kiindo-Ulaya iligeuka kuwa þ katika Kigermaniki, na d ikageuka kuwa t. Mpaka hapo kionyeshi kilifuata njia ileile iliyofuatwa na maneno mengine. Upekee wake ulianza baadaye.

3.0 Sauti: neno dogo na njia yake

3.1 Konsonanti ya mwanzo

Jedwali lifuatalo linalinganisha kionyeshi hicho na neno la "tatu", ambalo nalo lilianza na þ, na neno la "maji".

| Lugha | kionyeshi | "tatu" | "maji" |
|---|---|---|---|
| Kiaislandi | það | þrír | vatn |
| Kifaroe | tað | tríggir | vatn |
| Kiswidi | det | tre | vatten |
| Kidenmark | det | tre | vand |
| Kiingereza | that | three | water |
| Kifrisia cha Magharibi | dat | trije | wetter |
| Kiholanzi | dat | drie | water |
| Kijerumani cha Chini | dat | dree | Water |
| Kilasembagi | dat | dräi | Waasser |
| Kijerumani sanifu | das | drei | Wasser |
| Kiyidi | dos | dray | vaser |

Katika Kiholanzi, Kijerumani cha Chini, Kilasembagi, Kijerumani sanifu na Kiyidi, safu mbili za kwanza zinakubaliana: þ imekuwa d kila mahali. Katika Kiswidi, Kidenmark na Kifrisia hazikubaliani. Neno la "tatu" lina t, ambayo ni sighuna, ilhali kionyeshi kina d, ambayo ni ghuna. Kiingereza kinaficha tofauti hiyohiyo nyuma ya tahajia moja. Three huanza na sauti ya "thamani", ilhali that huanza na sauti ya "dhahabu". Msomaji wa Kiswahili, ambaye tahajia yake hutenganisha th na dh, anaona wazi kile ambacho tahajia ya Kiingereza hukificha.

Tofauti hiyo haikugusa kionyeshi peke yake. Katika Kiingereza sauti ya dh mwanzoni mwa neno hupatikana katika the, this, that, they, then, there na thou, na katika Kiswidi d hupatikana katika det, den, då, där na du. Yote hayo ni maneno ya kisarufi ambayo kwa kawaida hutamkwa bila mkazo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kikwamizo sighuna kilicho mwanzoni mwa neno lisilo na mkazo kilipata ughuna kutokana na sauti zilizokizunguka. Baadaye, wakati Skandinavia na Frisia zilipopoteza vikwamizo hivyo, kile cha ghuna kilikuwa d na kile cha sighuna kikawa t.

Kifaroe kinatoa mchepuko wa aina nyingine. Umbo tað limefuata njia ya kawaida na kupata t, lakini kionyeshi cha karibu, ambacho katika Kiaislandi ni þetta, katika Kifaroe ni hetta, na neno lenye maana ya "pale" ni har. Hapa þ imedhoofika hadi kuwa h. Lugha inatofautiana na jirani zake kuhusu sauti iliyopatikana, lakini kundi la maneno lililoathirika ni lilelile.

3.2 Konsonanti ya mwisho

Mwisho wa neno unasimulia habari inayofanana. Katika Kiaislandi, þat ya kale imekuwa það, kwa sababu t ya mwisho katika silabi isiyo na mkazo ilidhoofika. Ndivyo pia húsit, "nyumba ile inayojulikana", ilivyokuwa húsið. Katika Kiswidi, Kinorwe na Kidenmark t ya det huandikwa lakini kwa kawaida haitamkwi.

Katika eneo la Kijerumani, mabadiliko yaliyo maarufu zaidi ni ya t kuwa s. Katika mabadiliko ya pili ya konsonanti, yaliyotokea kusini katika karne za mwanzo za Enzi za Kati, t iliyofuata irabu ikawa s: water ikalingana na Wasser, na dat ikalingana na das. Mpaka wa mabadiliko hayo ulianza kuchorwa kwa utaratibu baada ya mwaka 1876, Georg Wenker alipowapelekea walimu wa shule za Rheinland orodha ya sentensi ili waziandike upya kwa lahaja za vijiji vyao. Kazi hiyo ilipopanuliwa kwa Dola yote ya Ujerumani, majibu yalizidi 40,000.

Ramani zilizotokana na majibu hayo zilionyesha kwamba mabadiliko hayakuwa na mpaka mmoja. Mstari unaotenganisha maken na machen, "kutengeneza", unavuka mto Rhine huko Benrath, ambayo leo ni sehemu ya Düsseldorf. Mstari unaotenganisha dat na das unauvuka mto huohuo mbali zaidi kusini, karibu na Sankt Goar. Kati ya mistari hiyo miwili, katika lahaja za Köln, Koblenz na Trier, watu husema machen na Wasser kama watu wa kusini, lakini husema dat na wat kama watu wa kaskazini. Kilasembagi ni cha eneo hilohilo, na ndiyo sababu jedwali linaonyesha Waasser sambamba na dat. Katika lahaja ya mji wa Berlin, ambako Kijerumani cha Chini kilikuwa lugha ya awali, det na wat zimebaki ingawa Wasser imeingia.

Wanaisimu hawajakubaliana kuhusu sababu ya dat kubaki katika eneo hilo. Wako wanaosema kwamba mabadiliko yalienea kutoka kusini yakapungua nguvu njiani, na wako wanaosema kwamba kila eneo lilikuwa na masharti yake. Jambo lisilobishaniwa ni aina ya maneno yaliyobaki nyuma: dat, wat na et, yaani kionyeshi, kiulizi na kiwakilishi. Isingefaa kudai kwamba mkazo peke yake unaeleza mpaka wa Sankt Goar. Hata hivyo, mpaka huo unathibitisha kwamba maneno madogo ya kisarufi yanaweza kuwa na historia ya sauti iliyo tofauti na ya nomino na vitenzi vya lugha ileile.

4.0 Kazi nne za neno moja

Mabadiliko ya kazi yanaonekana kwa ukamilifu katika sentensi moja ya Kijerumani na wenzake wa Kiholanzi na Kiingereza:

(1) Ich weiß, dass das das Buch ist, das er sucht.
(2) Ik weet dat dat het boek is dat hij zoekt.
(3) I know that that is the book that he wants.

Katika sentensi ya (1) neno lilelile linatokea mara nne. Dass ni kiunganishi cha kishazi tegemezi. Das ya kwanza ni kionyeshi. Das ya pili ni artikeli. Das ya mwisho ni kirejeshi. Tahajia inayotenganisha kiunganishi na maneno mengine matatu ni ya kimaandishi tu. Kabla ya mageuzi ya tahajia ya mwaka 1996 kiunganishi hicho kiliandikwa daß, na matamshi yake hayatofautiani na ya das. Kinachoyatenganisha maneno hayo katika usemi ni nafasi na mkazo. Kionyeshi peke yake ndicho kinachoweza kubeba mkazo kamili. Katika Kiingereza tofauti hiyo imeingia hadi kwenye irabu: that ya kuonyesha ina irabu kamili, na that ya kuunganisha kwa kawaida ina irabu hafifu.

Njia ya kutoka kwenye kionyeshi hadi kwenye kiunganishi huelezwa kwa kukisia mfuatano wa kale wa aina ya "najua hilo: anakuja". Kionyeshi kilielekeza kwenye kauli iliyofuata, kisha mpaka wa kauli ukasogea, nacho kikahesabiwa kuwa sehemu ya kauli ya pili. Kigothi kina dalili ya hatua hiyo katika kiunganishi þatei, kilichoundwa kwa þata na kiambishi ei.

Artikeli ilizaliwa kwa njia nyingine: kionyeshi kilizoea kutajia jambo lililokwisha kutajwa, kisha kikapanuka hadi kutajia chochote ambacho msikilizaji angeweza kukitambua. Hatua hizo mbili bado zinaishi pamoja katika Kifering, lahaja ya Kifrisia cha Kaskazini ya kisiwa cha Föhr nchini Ujerumani, iliyochunguzwa na Karen Ebert katika utafiti uliochapishwa mwaka 1971. Kifering kina artikeli mbili. A hünj ni mbwa anayejulikana bila kuhitaji kutajwa, kwa mfano mbwa wa nyumbani. Di hünj ni mbwa aliyejulikana kwa sababu mazungumzo yamekwisha kumtaja. Vitu vya pekee kama jua huchukua artikeli ya aina ya kwanza. Kijerumani sanifu kina mabaki ya mgawanyo huo katika tofauti kati ya im Haus, ambamo artikeli imeungana na kihusishi, na in dem Haus, ambamo imebaki huru na inaelekea kurejelea nyumba iliyotajwa.

Skandinavia ilipita njia yake. Artikeli yake ya kawaida ilitokana na kionyeshi kingine, hinn, kilichofuata nomino kisha kikaungana nayo: hestr inn ikawa hestrinn, na leo katika Kiswidi ni hästen, "farasi" anayejulikana. Lakini nomino ikiwa na kivumishi, kionyeshi cha ukoo wa det hurudi mbele: den stora hästen. Lahaja za magharibi ya Jutland nchini Denmark hazina kiambishi hicho. Huweka neno fupi æ mbele ya nomino. Nafasi ya artikeli, kwa hiyo, inaweza kutofautiana hata ndani ya mipaka ya nchi moja.

5.0 Upatanisho kupotea, umbali kujengwa upya

Umbo þæt la Kiingereza cha Kale lilikuwa la jinsi ya kati na umoja peke yake. Jinsi za kisarufi zilipovunjika, that ikawa ya nomino zote za umoja, na the, iliyopata konsonanti yake ya mwanzo kwa kusawazishwa na maumbo mengine, ikawa artikeli ya nomino zote. Wingi wa asili wa þæt ulikuwa þā, unaoendelea katika thae ya Kiskoti. Kiingereza sanifu kiliuacha. Those yake inatokana na þās, ambayo ilikuwa wingi wa kionyeshi cha karibu. Umbo la "hawa" limekuja kumaanisha "wale".

Hasara kubwa zaidi ilikuwa ya umbali. Kionyeshi kinapokuwa artikeli hakiwezi tena, kikiwa hafifu, kutenganisha karibu na mbali. Lugha za Kigermaniki zimetatua tatizo hilo kwa mbinu ileile mara kwa mara, nayo ni kuongeza kipande chenye nguvu. Kionyeshi cha ukoo wa this kilizaliwa kwa kuongezewa kiambishi -si. Mawe ya maandishi ya runi ya zama za Waviking bado yanaonyesha maumbo kama þansi, ambamo kiambishi hicho kinaonekana mwishoni. Baadaye Kiswidi kilijenga den här na den där kwa kuongeza "hapa" na "pale", Kijerumani cha mazungumzo kikawa na das hier na das da, na lahaja za Kiingereza zikawa na this here na that there. Kijerumani cha Pennsylvania kilichukua neno lenye asili ya "-enyewe", sell, kikalifanya kionyeshi cha mbali. Kiskoti kilihifadhi daraja la tatu la umbali kwa yon na thon.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Afrika Kusini. Kiafrikana kilirithi die ya Kiholanzi, ambayo ni kionyeshi, kikaifanya artikeli ya nomino zote bila kujali jinsi wala idadi. Kwa kuwa die ilikuwa imechukuliwa, kionyeshi kipya kilijengwa kwa hier, "hapa", na daar, "kule": hierdie na daardie. Tayari daardie hufupishwa katika mazungumzo kuwa daai, dalili kwamba mzunguko haujasimama. Zaidi ya hayo, die yenyewe inaweza kurudi kuwa kionyeshi kwa sharti moja tu, kwamba itamkwe kwa mkazo. Hapo huandikwa dié, kwa alama juu ya irabu. Tahajia ya Kiafrikana imeandika kwa wino kile ambacho lugha nyingine za ukoo huo hukiachia sauti.

6.0 Funzo kwa uchambuzi wa Kiswahili

Ushahidi uliotolewa unatoa vigezo vinne vya kupimia dai kuhusu "yule mzee", na hakuna hata kimoja kinachotegemea tafsiri.

Kigezo cha kwanza ni kupotea kwa umbali. Katika masimulizi, yule hutimiza kigezo hiki, kwani mzee anayetajwa anaweza kuwa amesimama karibu kabisa na mhusika mwingine. Kigezo cha pili ni ulazima. Mjerumani hana budi kuweka artikeli mbele ya nomino kama Buch katika sentensi ya (1); msimulizi wa Kiswahili anaweza kusema "mzee akasimama" na akaeleweka kuwa anamtaja mzee yuleyule. Kigezo cha tatu ni kupungua kwa umbo. The, de na a zimebaki na sauti mbili au moja, na the imepoteza upatanisho wote. Vionyeshi yule, kile na lile vina silabi zote mbili na upatanisho kamili wa ngeli, viwe mbele au nyuma ya nomino. Kigezo cha nne ni vitu vya pekee. Kauli ya kawaida ni "jua limechomoza". Anayesema "lile jua limechomoza" huwa ana jua fulani la kusimulia, kama vile jua kali la siku iliyokwisha kutajwa.

Kwa hiyo yule inayotangulia nomino hailingani na the, wala na a ya Kifering. Inalingana na di: kirejelezi cha jambo lililotajwa ambacho kimeanza safari ya artikeli bila kuikamilisha. Matokeo hayo yana athari kwa kazi ya kila siku ya mfasiri na mwalimu. Mfasiri anayeweka yule, kile au ile kila anapokutana na the huzalisha Kiswahili kizito, kwa sababu sehemu kubwa ya matumizi ya the hurejelea vitu vinavyotambulika bila kutajwa, na hapo nomino tupu ya Kiswahili inatosha.

Katika kiunganishi na kirejeshi ulinganisho unaleta tofauti na mfanano. Sentensi ya (1) kwa Kiswahili ni "Najua kwamba hicho ndicho kitabu ambacho anakitafuta". Kiunganishi kwamba kinatokana na kitenzi cha zamani -amba chenye maana ya "sema". Hakikutoka kwenye kionyeshi. Lakini -cho ya ambacho ni ileile ya hicho, na hapo Kiswahili kinakutana na that na das katika njia ya kutoka urejelezi wa usemi hadi urejeshi wa kisarufi. Uimarishaji wa umbali nao si mgeni: "yule pale" na "huyu hapa" hujengwa kwa viungo vilevile vya den där na den här, ingawa katika Kiswahili viungo hivyo havijawa vya lazima.

7.0 Hitimisho

Tofauti kati ya that, das, dat na det zinaweza kuorodheshwa kama tofauti za konsonanti, na ramani za lahaja zimefanya hivyo kwa ufanisi mkubwa. Zikiunganishwa na historia ya kazi za neno hilo, tofauti hizo zinaonyesha mwenendo mmoja: neno linaloonyesha likikosa mkazo hulegea kwa sauti, hupoteza umbali, huingia katika kazi za kisarufi, na mahali pake pa zamani huzibwa na umbo jipya lenye nguvu. Kwa Kiswahili, swali la artikeli linapaswa kuhamishwa kutoka kwenye tafsiri na kupelekwa kwenye usemi wenyewe: kupima muda wa matamshi na mkazo wa vionyeshi vinavyotangulia nomino, katika Kiswahili sanifu na katika lahaja za pwani, na kuhesabu ni wapi wazungumzaji wanaviacha. Iwapo yule itaanza kupoteza silabi au upatanisho mbele ya nomino, au iwapo itaanza kuambatana na jua na mwezi bila sababu, hapo ndipo itakapokuwa imevuka mstari ambao the iliuvuka zamani.